YAI LINANGOJA KUAMSHWA: TUSIWADHULUMU BIBI ZETU KWA KUKOSA MTOTO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone dogo kisha akampa masikio, macho na moyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Nawausia, nami nikianza na nafsi yangu, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri.

Ijumaa hii tunazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi za mji wetu wa Goma husemwa usiku kwa sauti ya chini, na asubuhi majirani hulisema kwa sauti ya juu. Ni ndoa iliyokaa miaka bila mtoto. Mara nyingi hukumu inakatwa kabla kesi haijasikilizwa. Mama mkwe ameshasema "huyu ni tasa". Shangazi ameshatafuta binti mwingine Rutshuru. Bibi anarudishwa kwao Birere au Majengo na begi moja mkononi, na haipiti muda mrefu wajumbe wanafika kudai mahari. Katika shauri lote hilo bwana hajaulizwa hata swali moja. Kwa sababu gani? Kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kupata mtoto ni kazi ya mwanamke, na kwamba mwanamume akiwa na nguvu zake za kiume basi kwake hapana tatizo.

Sasa tuangalie Mola wetu alivyoliweka jambo lenyewe.

Katika Suratul Waaqi'a, aya ya 58 na 59, Allah (S.W.) anatuuliza juu ya mbegu tunayoimwaga: je, ni sisi tunaoiumba au ni Yeye? Katika Suratul Insaan, aya ya 2, anatufahamisha kwamba mwanadamu ametokana na tone lililochanganyika. Na Ummu Sulaym (R.A.), bibi wa Ki-Answari asiyeona haya kuuliza haki, alipomuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya maji ya mwanamke, Mtume alithibitisha kuwa yapo, akaonyesha dalili: kama yasingekuwepo, mtoto angefananaje na mama yake? Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba toka karne ya kwanza Waislamu walifundishwa kuwa mtoto ni wa wawili. Sisi ndio tuliosahau.

Elimu ya leo imefafanua namna wawili hao wanavyoshirikiana, na ufafanuzi wake unatuhusu sana sisi wanaume.

Yai la mwanamke ni dogo, sehemu moja ya kumi ya milimita. Hata hivyo ni miongoni mwa seli kubwa kuliko zote katika mwili wake. Mayai hayo hayatengenezwi mwezi kwa mwezi kama wengi wanavyodhani. Huanza kutengenezwa wakati mtoto wa kike bado yumo tumboni mwa mama yake. Yanaanza kugawanyika, kisha yanasimama na kulala. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 30 anayetoa yai mwezi huu, yai hilo limelala toka kabla hajazaliwa. Akishabaleghe, kila mwezi kwa kawaida yai moja huamka nusu, hupiga hatua moja ya mgawanyiko wake, hutoka katika mfuko wake na kuingia katika mrija wa uzazi. Halafu linasimama tena, mara ya pili. Hapo halisogei mbele wala halirudi nyuma. Linangoja, na muda wake wa kungoja ni kama siku moja tu. Lisipoamshwa, linakufa.

Wataalamu walijiuliza miaka mingi: ni kitu gani kinachoamsha yai? Je, ni kule kuguswa tu na mbegu ya mwanamume, au mbegu inaingia na kitu maalumu? Mwaka 1990 mtafiti Karl Swann alichukua maji yaliyomo ndani ya mbegu za mnyama mdogo aitwaye hamster, akayaingiza kwa sindano nyembamba ndani ya yai la mnyama huyo huyo. Yai likaamka kama vile limepata mbegu nzima. Basi ikajulikana kuwa ndani ya mbegu mna kiamshi. Lakini ni kipi? Jibu lilichukua miaka 12. Mwaka 2002, mwaka ule ule lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji wetu, watafiti wa Cardiff huko Uingereza, wakishirikiana na Swann, walikitaja: ni enzimu inayoitwa fosfolipesi C zeta. Kwa kifupi huandikwa PLC zeta.

Enzimu ni nini? Katika Kiswahili cha vitabu ni kimeng'enya, lakini sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumezoea enzimu. Ni mfanyakazi mdogo ndani ya mwili aliyepewa kazi moja. Anaifanya, na akiimaliza yeye mwenyewe bado yupo, anaweza kuirudia mara nyingi. Tafuna kipande cha mkate bila kumeza. Baada ya muda utasikia utamu. Hukutia sukari. Ni enzimu iliyo katika mate inayokata wanga na kuufanya sukari. Mwili mzima unaendeshwa na wafanyakazi kama hao. Baadhi yao kazi yao ni kupeleka habari: mmoja anapokea amri, anamgusa wa pili, wa pili anamgusa wa tatu, mpaka amri inafika pale inapotakiwa.

Sasa sikilizeni amri hiyo inavyopita, Subhanallah.

Mbegu moja kati ya mamilioni inafika kwenye yai na kushikamana nalo. Juu ya mbegu pana protini na juu ya yai pana protini, na hizo mbili hutambuana kama ufunguo na kufuli. (Waliozigundua, mwaka 2005 na mwaka 2014, walizipa majina ya hekalu na mungu wa kike wa ndoa wa watu wa zamani, sisi majina hayo tunayaacha hapo hapo.) Ngozi ya mbegu na ngozi ya yai zinaungana, na PLC zeta inaingia ndani. Mara inaanza kukata aina fulani ya mafuta iliyo katika ngozi nyembamba ndani ya yai. Kipande kimoja kilichokatwa kinakwenda kwenye ghala za kalsiamu, ile kalsiamu inayotia nguvu mifupa yetu, na kufungua milango yake. Kalsiamu inamwagika na kuenea ndani ya yai kama wimbi, toka upande mbegu ilipoingilia mpaka upande wa pili. Kisha inarudishwa ghalani. Baada ya dakika chache inamwagika tena. Kwa panya wadogo wa maabara wimbi hilo hurudi kila baada ya dakika 10 hivi, kwa muda wa saa 3 au 4. Kwa yai la binadamu pia mawimbi yameonekana, yakiwa na nafasi ndefu zaidi. Mtu aliyelala usingizi mzito haamki kwa kuitwa mara moja, ndivyo na yai hili.

Kalsiamu nayo haifanyi kazi peke yake. Inashikamana na protini moja, na hiyo inaamsha enzimu nyingine ya jamii ya kinasi. Kazi ya kinasi ni kubandika alama ndogo ya fosfeti juu ya protini nyingine, kama karani anavyopiga muhuri kwenye karatasi: bila muhuri karatasi haisogei. Humo ndani ya yai mna protini mlinzi ambayo siku zote ilikuwa inalizuia yai lisiendelee. Kinasi ya kwanza inampiga muhuri, kinasi ya pili inaongeza wake, na mlinzi aliyepigwa mihuri hiyo anavunjwa na kuondolewa. Hapo ndipo yai linamaliza mgawanyiko wake lililouanza miaka mingi nyuma. Wakati huo huo vifuko vidogo vilivyo pembezoni mwa yai vinapasuka na kumwaga enzimu inayobadilisha ganda la nje, ili mbegu ya pili isiingie. Kwa sababu zikiingia mbili, mimba kwa kawaida haiwezi kuishi. Mlango unafunguliwa kwa mmoja, kisha unafungwa.

Ndugu zangu, mimi sisemi kwamba Qur'ani ilitaja kinasi au PLC zeta. Wako wanaopenda kulazimisha kila ugunduzi uingie ndani ya aya, na sayansi ikibadilika kesho wanaiacha aya ikining'inia. Qur'ani ni uongofu. Ilituambia maji yamechanganyika, ikatuuliza nani muumbaji, ikatuamrisha tutazame. Basi tutazame. Ni nani aliyelipa yai subira ya miaka 30 na akaweka kiamshi chake mbali nalo, ndani ya mwili wa mtu mwingine ambaye pengine alikuwa bado hajazaliwa yai lilipolala?

Na hapa ndipo nawaomba akina baba tusogee karibu. Kiamshi kimewekwa ndani ya mbegu ya mwanamume. Yai linaweza kuwa zima kabisa, limefika mahali pake kwa wakati wake, likangoja, na lisiamshwe. Kosa ni la nani?

Hili limeonekana kwa macho. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza njia ya kuchukua mbegu moja na kuiingiza kwa sindano ndani ya yai nje ya tumbo, kisha mimba ikarudishwa kwa mama. Njia hiyo imewasaidia watu wengi duniani. Lakini kwa wachache, mbegu iliingizwa mpaka ndani kabisa na bado mayai yote yalikaa kimya. Mwaka 2008 na 2009 watafiti wa Marekani na Ulaya walichunguza mbegu za baadhi ya wanaume wa namna hiyo. Walikuta PLC zeta haimo, au ni kidogo mno, au imeharibika toka katika maumbile ya kurithi. Wanaume hao walikuwa na nguvu zao kamili na maji yao yalitoka kama ya wengine. Mtu hawezi kujijua kwa kujitazama.

Wataalamu wakaweka hata njia ya kuamua kati ya wawili. Wanaichukua mbegu ya bwana na kuiingiza ndani ya yai la panya, si kwa kuzalisha bali kwa kupima tu. Yai la panya likiamka, kiamshi cha bwana kinafanya kazi na upungufu unatafutwa upande wa yai. Lisipoamka, jibu limepatikana. Tazameni uadilifu wa kipimo hicho: kinasikiliza pande zote mbili kabla ya kuhukumu. Tena hutoa haki hata dhidi ya mwanamke, kwani mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wako wanawake ambao kinasi moja ya ndani ya yai lao ina kasoro ya kurithi, na yai haliendelei hata likipata mbegu nzuri. Kwa hiyo hatusemi kuwa kila mara ni mwanamume. Tunasema usihukumu kwa kudhani. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, Allah ametuonya tujiepushe na dhana nyingi.

Kasoro ya PLC zeta ni nadra, wala nisiwatie watu hofu. Kwetu Afrika sababu kubwa zaidi ni nyingine. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa wanawake wa Afrika waliokosa watoto, wengi wao walikuwa na madhara ya maambukizi yaliyoziba mirija ya uzazi, zaidi ya wanawake wa mabara mengine. Maambukizi hayo ni kama kisonono na klamidia, na mara nyingi hayana maumivu ya kumshtua mtu mapema. Nani aliyeyaleta nyumbani? Kila mmoja ajibu mbele ya Mola wake. Yawezekana bwana anayemfukuza bibi yake ndiye aliyemletea ugonjwa uliomziba. Na Shirika hilo hilo lilitangaza mwaka 2023 kwamba duniani kama mtu 1 katika kila 6 hukutana na tatizo la uzazi wakati fulani wa maisha yake. Basi si laana ya ukoo fulani, wala si lazima jirani amemroga mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukikaa na bibi yako mwaka mzima bila kizuizi na mimba haikupatikana, nendeni kwa daktari nyote wawili. Wawili, si yeye peke yake huku wewe ukimngoja nje na pikipiki. Upande wa mwanamume kipimo cha kwanza ni spermogramu: maji yanapelekwa labo, wanahesabu mbegu, wanaangalia mwendo wake na umbo lake. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na harusi ya pili. Yapo yasiyoonekana kwa kipimo hicho, na PLC zeta ni mojawapo, lakini ndio mwanzo. Kuna wanaume wanaokubali kuuza mbuzi wampe mganga wa hirizi, ila kupeleka kichupa labo wanaona aibu. Aibu hiyo inawagharimu wanawake ndoa zao.

Tuangalie sasa Mitume na watu wao. Nabii Zakaria (A.S.) alizeeka, mifupa ikalegea, na bibi yake hakuwa mwenye kuzaa. Hatukusikia kwamba alimrudisha kwao. Alimwomba Mola wake kwa sauti ya siri, na Suratul Anbiyaa, aya ya 90, inaeleza kuwa Allah alimwitikia, akampa Yahya, akamtengenezea bibi yake. Nabii Ibrahim (A.S.) alikaa na Sara mpaka uzee, na bishara ya Is-haaq ikawakuta wote wawili nyumbani. Bibi Aisha (R.A.) hakuzaa kamwe. Je, nani alithubutu kumwita tasa? Mtume (S.A.W.) alimpa heshima ya kuitwa Ummu Abdillahi, kwa jina la mtoto wa dada yake Asmaa, na umma mzima ukasoma dini kutoka kwake.

Yuko atakayesema: sheria imeniruhusu kuoa wa pili, na imeniruhusu talaka. Ndiyo, imekuruhusu, kwa uadilifu na kwa wema. Haikukuruhusu kumpaka mtu aibu ambayo huna ushahidi nayo. Na haikuwaruhusu wajumbe wa ukoo kwenda kudai mahari. Soma Suratun Nisaa, aya ya 20: mwenye kutaka kubadili mke mahali pa mke mwingine, hata kama alimpa wa kwanza rundo la mali, asichukue chochote katika hiyo. Desturi ya kurudisha mbuzi au ng'ombe kwa sababu bibi hakuzaa ni desturi ya watu. Kwa Muislamu ni dhulma, na mzee wa msikiti anayekaa katika kikao cha namna hiyo ajue amekaa wapi.

Wengine wanauliza kama kutibiwa kwa njia ya kukutanisha yai na mbegu nje ya tumbo ni halali. Wanazuoni walilishughulikia mapema. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na Machi 1980 Al-Azhar ilitoa fatwa ya kuiruhusu kwa masharti. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu nalo liliamua hivyo Amman, Oktoba 1986. Sharti kubwa ni kwamba mbegu iwe ya mume, yai liwe la mke wake, tumbo liwe lake huyo huyo, na ndoa iwe ingali hai. Asiingie mtu wa tatu, kwa mbegu wala kwa yai wala kwa tumbo, kwa sababu nasaba ni amana. Katika eneo letu hili, Kampala walipata mtoto wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006. Hata kwa mayai yasiyoamka madaktari wanayo dawa inayoingiza kalsiamu ndani ya yai kwa nguvu, ikafanya kazi ya kile kiamshi kilichokosekana. Gharama ya matibabu haya ni maelfu ya dola, na Allah haikalifishi nafsi ila kadiri ya uwezo wake. Asiyeweza hana dhambi. Na watoto waliopoteza wazazi katika vita vya mkoa wetu wanangoja mikono ya kuwalea. Tuwalee, huku tukiwaita kwa majina ya baba zao kama ilivyoamrishwa katika Suratul Ahzaab.

Na mwenye kila kitu kizima, vipimo vyote vizuri, na bado hajapata? Masahaba walipozungumza na Mtume (S.A.W.) juu ya jambo la maji ya mwanamume, katika hadithi aliyoipokea Muslim, aliwafahamisha kuwa si kila maji hutoka mtoto, na kwamba Allah akitaka kuumba kitu hapana kinachomzuia. Suratush Shuuraa, aya ya 49 na 50, inagawa watu mafungu: wanaopewa wa kike, wanaopewa wa kiume, wanaopewa wote, na anayefanywa asizae. Aliyegawa mafungu hayo ni Yeye, Mjuzi, Mwenye uwezo. Wala aya haikusema kwamba asiyezaa ni mwanamke tu.

Ewe Mola wetu, wape wanaotamani watoto kizazi chema kinachokuridhisha. Walinde bibi zetu na ndimi zetu. Warejeshe kwa waume zao walioondolewa kwa dhulma ikiwa kurejea kuna kheri kwao, na ikiwa hakuna, wape kilicho bora. Waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, na uipe Goma na Kivu yote amani.

Aquulu qawli haadha, wa astaghfirullaaha lii walakum. Wabillahi tawfiiq.